Marabi na Sabato ya Lusahunga

Alhamisi jioni mdogo wangu Adelina, aliyeolewa Lusahunga wilayani Biharamulo, alinipigia simu akilia. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa hakiachi kumgonga. "Kaka, njoo. Nikizidiwa Jumamosi hawatanipeleka popote." Nilimwelewa. Mumewe, Yohana, alikuwa amejiunga na kikundi kidogo cha maombi kinachoshika Sabato kwa ukali: Ijumaa jua likizama hawawashi moto wala hawapandi chombo chochote hadi jua la Jumamosi lizame. Mama yetu alifia kwenye uzazi. Sikuwa na nguvu ya kuzika wa pili.

Ijumaa asubuhi nilifunga begi hapa Mbuba, wilayani Ngara: kitenge, maharage, na kitabu cha mafundisho ya marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, nilichopewa kwenye semina ya makatekista. Mzee Sabasi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikiona.

"Katekista, bado unatembea na maneno ya watu waliomkataa Bwana?"

"Mzee, Bwana alilelewa kwao."

"Haya. Angalia usipotee na wewe."

Nilicheka, lakini kusema kweli nilipanda basi nikiwa na wasiwasi. Labda mzee yuko sahihi, nikawaza, labda nachezea imani yangu.

Baada ya Nyakahura pori linaanza. Zamani magari yalisindikizwa na askari hapa kwa sababu ya majambazi. Siku hizi ni shwari, lakini abiria bado hunyamaza, na mama aliyekaa karibu nami alishika rozari mpaka tukatoka. Mimi nilikuwa nikiangalia jua tu.

Lusahunga nilifika jua likiwa limebaki kidogo tu juu ya migomba. "Shikamoo, mama," nilimwamkia mama yake Yohana. "Marahaba, mwanangu. Wa Ngara hawajambo?" Nyuma yake Yohana alikuwa akifukia makaa kwa majivu, na sufuria ya ndizi ya kesho imeviringishwa blanketi. Si mtu mbaya. Alinipa kiti chake, akanimiminia togwa. Lakini uso wa Adelina ulikuwa umefura mpaka macho yamekuwa madogo, na nilimwomba Yohana tuondoke saa ile. Akaangalia nje. Jua lilikuwa limezama.

Jumamosi kulipokucha Adelina alisema anaona vimulimuli mchana kweupe. Nilimvuta Yohana nje, pikipiki yake imeegemea ukuta.

"Shemeji, washa twende, mimi sijui kuendesha."

"Nikivunja amri, Mungu atamchukua huyohuyo Adelina."

"Yesu aliponya siku ya Sabato."

"Yeye ni Bwana wa Sabato. Mimi ni nani?" Kisha akasema, kama aliyepata mlango wa kutokea, "Tumwite Hamisi, jirani yetu. Ni Mwislamu, Sabato haimfungi. Ampeleke yeye."

Mama yake, aliyekuwa ametufuata mlangoni, akajibu kwamba Hamisi alienda Nyakanazi alfajiri. Ndipo nilipokimbilia kitabu.

"Yohana, hawa ndio waliolinda Sabato kuliko wewe na mimi. Wanafundisha kwamba uhai ukiwa hatarini, hata kwa mashaka, Sabato inapisha. Tena hawasemi atafutwe mgeni. Wakubwa wao wenyewe wafanye, ili siku nyingine asiwepo wa kusitasita."

"Wayahudi wenyewe wanasema hivyo?"

"Wenyewe. Na hapa wanasema anayesimama kuuliza kwanza anamwaga damu, na mwalimu anayeulizwa aone aibu, maana ilimpasa awe amefundisha mapema."

Nilijisikia nikiisoma sentensi hiyo, mimi mwalimu nisiyewahi kulifundisha jambo hilo, nikafunga kitabu. Mama yake akasema, "Yohana, mwanangu, washa."

Akawasha. Tulipakiana mishikaki, Adelina katikati, mimi nyuma nikimshika asianguke. Yohana alikuwa akilia kwa sauti huku anaendesha. Karibu na kituo cha afya Adelina alianza degedege mikononi mwangu, na nikadhani ndiyo basi. Wauguzi walimpokea, wakamchoma sindano, kisha gari la wagonjwa likampeleka hospitali Biharamulo, akafanyiwa upasuaji. Mtoto ni wa kike, mdogo sana. Wote wawili wanapumua.

Jumatano nilirudi peke yangu. Kikundi kilikuwa kimemwita Yohana ajieleze, naye aliomba nimwachie kitabu. Aliogopa, lakini alisema ataenda.

Hapa Mbuba nilizoea kuwafundisha wanangu wa kipaimara kwamba walimu wa Kiyahudi walikuwa na mioyo ya mawe, na Yesu peke yake alijua huruma. Sasa naamini Yesu alipowauliza kuhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, aliwauliza watu waliolijua jibu. Jumapili iliyofuata Mzee Sabasi alikaa benchi la nyuma, amekunja mikono, nami nikawaambia wanafunzi:

"Mtu akizidiwa, iwe Jumapili, iwe Krismasi, iwe Ijumaa Kuu, msije kuniuliza. Washeni pikipiki."