Kibaraza cha Bibi Mshonaji

Fundi Spoku hakuamini mpira wa baiskeli kwa macho. Hata mwenye baiskeli aape kwamba hauvuji, yeye angeujaza upepo, auzamishe kwenye beseni la maji na kuuzungusha taratibu akitafuta povu. Watu nao aliwapima vivyo hivyo. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku akifika mbinguni, atamwuliza malaika wa mlangoni kazi hiyo aliipataje.

Kanisani aliongoza kikundi cha kutembelea wagonjwa. Mgonjwa waliyemwangalia zaidi alikuwa Bibi Mshonaji, aliyepigwa na kiharusi upande wote wa kulia. Hakuwa na mtoto, na aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Nyumba yenyewe ya kawaida tu, lakini mbele ilikuwa na kibaraza kipana, kimeezekwa vizuri, kinatazama barabara wanakopita wenye baiskeli wote wa mtaa. Na Fundi Spoku alikuwa anafukuzwa. Mwenye duka aliyemwachia upenu wa kufanyia kazi alitaka nafasi yake kabla mwezi haujaisha, naye hakuwa na pa kwenda. Basi kila alipomwombea Bibi, kabla hajafika kwenye amina, macho yalikwisha kumtoroka kwenda nje kupima. Alijiambia kwamba sala ni sala na kibaraza ni kibaraza.

Ndipo alipoanza kumkuta Mama Mkaa.

Huyu alikuwa muuza mkaa, muumini wa benchi la nyuma, hayumo katika kikundi chochote. Kila Fundi alipofika, mama huyo alikuwa keshafika: mashuka yako kambani, Bibi amegeuzwa, analishwa kwa kijiko. Hakuomba kwa sauti, na Jumapili hakusimama kutangaza alikokwenda. Hilo ndilo lililomkosesha Fundi usingizi.

"Mtu anayetenda wema kimya kimya ana jambo," alimwambia mkewe.

"Na anayetenda kwa kelele je, baba?"

Akajifanya hakusikia.

Siku moja alikuta magunia mawili ya mkaa yamesimama kwenye kona ya kibaraza, yamefunikwa vizuri. Kumbe ndiyo hivyo, akawaza. Ameanza na magunia, atamalizia na nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji akamweleza kwamba kuna watu wanaoingia kwa wagonjwa kwa mlango wa huruma, kumbe wanavizia mali. Mchungaji alimwamini, kwa kuwa Fundi hakuwa msemaji ovyo. Mama Mkaa akaitwa, akaombwa kwa upole awaachie wenye kikundi kazi yao. Alibeba magunia yake bila kuteta. Hata hilo Fundi alilihesabu kuwa ushahidi: asiye na hatia angebisha.

Kina mama wa kikundi waliahidi kupokezana. Wa kwanza alikwenda, wa pili akapata wageni, wa tatu akaumwa mguu. Asubuhi moja Fundi alimkuta Bibi kwenye shuka bichi, midomo imekauka kama gome la mti. Alikimbilia kwa jirani, mwanamke mwenzake Bibi, aje amwoshe, naye akasubiri nje. Alipoitwa ndani, Bibi alikuwa ameketishwa, anamtazama. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja.

"Mama Mkaa yuko wapi?"

Fundi alieleza kwamba kikundi kimeamua kumlinda Bibi na wanaovizia mali yake.

"Kibaraza chukua, mwanangu. Nimekuona ukikipima. Ila yule mnirudishie."

Fundi hakuwahi kulitamka jambo lile, hata kwa mkewe. Kile alichokitaka usiku na mchana alikuwa amepewa, na hakuweza kusema asante. Alitoka, akashika njia ya kwa muuza mkaa.

Alimkuta anapima mkaa kwa kopo. "Karibu, Fundi," akasema bila kuinua uso. "Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kuuliza. Kwa Bibi ulifuata nini?"

Mama Mkaa alipangusa mikono kwenye kanga, akafikiri.

"Kibaraza. Mvua ilikuwa inanilowesha magunia. Nikasema nikimfulia mashuka hataninyima kakona. Baadaye nikajikuta nakwenda hata siku ambazo sina gunia." Akamkazia macho. "Haya, nawe ulifuata nini?"

Fundi alitafuta jibu la kanisani, akalikosa.

"Kibaraza," akasema.

"Hicho hicho?"

"Hicho hicho."

"Maskini Bibi. Walinzi wawili, wote wezi." Akacheka hadi akashika kiuno. Fundi hakucheka. Alimwomba arudi, na siku hiyo hiyo Mama Mkaa akarudi.

Jioni Fundi alikwenda kwa mchungaji akasema yote. Mchungaji alijaribu kumpunguzia: binadamu ndivyo tulivyo, nia huchanganyika, aendelee tu kuongoza. Fundi akakataa. Alisema mpira unaovuja haupewi safari ya mbali. Kibaraza nacho hakukichukua. Alihamishia spana zake kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mahali ambapo unga unaingia kwenye grisi na wateja ni wa kuhesabu. Mkewe alilalamika: mwenye nyumba katoa mwenyewe kwa hiari, ugumu uko wapi? Fundi alishindwa kueleza. Alijua tu kwamba akiketi pale, hatajua tena kwa nini anaingia mlango ule.

Wiki zikapita bila yeye kwenda. Alijishuku: huenda kwa kuwa hakuna tena cha kupata, miguu imegoma. Halafu siku moja ya kazi, mchana, alinawa mikono akaenda. Hakuwa na kikundi wala neno la kusema. Mama Mkaa alikuwa uani anafua. Bibi akageuza shingo polepole.

"Umefuata nini leo?"

"Sijui, Bibi," akajibu. Na kweli hakujua.

Bibi alimtazama kitambo, kama anayetafuta povu, kisha akamwonyesha kigoda kwa mkono wake mzima.

"Basi keti."