Alama za Abdihafid

Abdiwali aliyajua makosa yote ya Abdihafid. Huchelewa swala ya alfajiri. Hucheka msikitini. Na huyu kijana wa mtaa wa Waberi, aliyeiba pikipiki na kumchoma mwenye mali kisu, ndiye aliyekuwa akifunga virago, bodi ya kupunguza vifungo imemwachilia mapema. Abdiwali, mfugaji wa Sangailu mwenye mwaka wa tisa katika gereza hilo la Garissa, anayeufagia msikiti wenyewe kwa mikono yake, alikuwa amenyimwa. Wivu ulimjaa.

Siku hizi, aliambiwa, bodi haitazami uso wa mtu. Inatazama fomu. Kila mfungwa huulizwa maswali yale yale, na kila jibu lina alama yake, kwa kuwa wataalamu wamewafuatilia wengi waliotoka wakajua ni nani hurudia kosa na nani harudii. Anayeeleza kosa lake kwa kinywa chake hupata alama nzuri. Abdihafid alieleza mpaka machozi yakamtoka, mnafiki yule. Abdiwali alipoulizwa alijibu neno moja tu: yalikwisha.

Na kwao yalikuwa yamekwisha kweli. Alimuua mtu kisimani kwa ugomvi wa zamu ya kunywesha mifugo. Ukoo wake ukalipa ngamia, wazee wakasoma dua, na tangu hapo upande wa muuaji haulitaji jina la marehemu. Kulitaja ni kutonesha kidonda. Roda, afisa wa probesheni, aliandika kwamba hakubali kosa.

Basi Abdiwali akaenda kwa Roda kumchongea mwenzake. Alimwaga yote: swala, kicheko, kisu, hata jina la yule aliyeibiwa. Roda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, ya mwenzako umeyasema vizuri. Na wako, uliyemuua, aliitwa nani?"

Uani Abdihafid alikuwa akiagana na askari, na kile kicheko chake kilimchoma kuliko miaka tisa.

"Shirwa," Abdiwali alisema kwa lafudhi ya kwao, p ikigeuka b. "Jina yake Shirwa. Nilimbiga na rungu, yeye ameinama, anabea mbuzi yake maji."

Roda aliandika upesi, uso umemchangamka. Abdiwali aliitazama kalamu ikienda, akaona haya.

"Madam, wallahi, sikusema kwa sababu ya Shirwa. Nilisema kwa sababu ya huyo kijana. Andika hiyo bia."

Roda alipekua fomu, ukurasa hadi ukurasa, akitafuta pa kuliandika jibu hilo, na hakupaona.