Kompyuta Mbili na Sweta Langu

Juzi nilipanda Tukuyu kumsalimia mama, nikapita kwenye shule yangu ya zamani, upande wa Bulyaga. Chumba cha kompyuta siku hizi ni stoo ya majembe. Nilichungulia dirishani, nikacheka peke yangu.

Sisi tulikuwa watoto wa miaka ya ruksa, unaikumbuka. Mitumba imejaa sokoni, redio kaseti zinapiga kila kona, na shuleni kwetu zikaingia kompyuta mbili. Ya kwanza ilikuja mbovu. Mwalimu wetu wa hesabu aliifufua kwa vipuri vya kuokoteza, likizo nzima, chakula chake ndizi za kuchoma. Ya pili ilikuja mpya, ina rangi, bado iko kwenye nailoni. Tulivua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini, hata sisi watoto wa kanisani.

Mkuu wa shule akasema chumba ni kidogo, kuukuu iondoke. Mwalimu akamsihi: ikiweza kutafuta namba tasa zote mpaka elfu kumi kabla ya kengele ya chakula, ibaki. Mkuu akakubali.

Namba tasa ni zile zisizogawanyika kwa nyingine ila moja na zenyewe. Sisi tulizitafuta kwa kalamu wiki nzima, tukaishia mia mbili, na bado tuligombana juu ya mia moja arobaini na tatu. Mpya ilifika elfu kumi kabla hatujakaa sawa. Tukapiga kelele.

Lakini ile kuukuu, jamani! Namba ya kijani inatokea, mashine inanguruma, halafu nyingine. Nilikuwa naiona inafikiri. Mpishi wa shule, bibi mmoja wa kutoka Matwebe, aliacha sufuria ya makande akaja kusimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Ndaga fijo," akaishukuru mashine. "Kazi unaiweza."

Mvua ilikuwa ile yetu isiyojua kukoma. Nyuma ya kuukuu kulitoka hewa ya moto, nasi tulizoea kuanika masweta pale. Siku hiyo nami, kwa mazoea tu, nikalitandaza langu juu ya matundu yake.

Ilipofika 9733 ikasimama. Tukasubiri. Haikuendelea. Mwalimu akaishika mgongoni, akarudisha mkono haraka, akaliondoa sweta.

"La nani hili?"

Nikanyoosha mkono huku nalia. Alilipapasa kidogo.

"Limekauka. Vaa, binti, baridi hii."

Kengele ikalia. Mkuu alipouliza, mwalimu alijibu tu, "Imechoka, mkuu." Hakunitaja, siku ile wala baadaye.

Jioni aliibeba mwenyewe kwenda kwake, kwa miguu, mvuani. Koti lake alikuwa amelivika mashine, shati limemganda mgongoni. Sijawahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi yeye pale.

Jumamosi yake nilishinda na kalamu, nikaipata namba iliyokuwa inafuata: 9739. Nilitaka kumpelekea, nikaona aibu, nikaahirisha mpaka tukamaliza shule. Mwalimu ameshafariki. Kompyuta za siku hizi zinaitaja hata kabla hujamaliza kuuliza, lakini simjui mtu mwingine ambaye angefurahi kuisikia.