Shikamoo ya Pili kwa Bosi

Jamani, bosi ananipigia simu na naogopa kupokea.

Mchana alinituma Usa River na pikipiki yake kubwa. Akanionya, "Weka petroli ya oktani kubwa tu. Ya kawaida itaigongesha injini."

Sheli zote nilizopita ilikuwa imeisha. Tangi limebaki na harufu tu, nikaweka ya kawaida.

Kwenye kilima injini ikaanza: ko, ko, ko. Nilirudi polepole huku nasali.

Ofisini akaniuliza, "Umeweka ile niliyosema?"

Nilitaka kusema ukweli, kweli tena. Mdomo ukatoa, "Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Si tulisalimiana asubuhi wewe?" Akacheka, akampakia mkewe kwenye pikipiki ile ile, wakapandisha mlima kwenda Ngaramtoni.

Simu bado inaita. Nikipokea naanzaje? Shikamoo nimeshazimaliza.