Taa Mpya za Karakana na Jeneza la Baba Mkubwa

Habari hii huku kwetu Gare wanaijua wote, hata watoto wa chekechea, kwa hiyo nikiwaficha ninyi nitakuwa najisumbua bure. Aibu yake ninayo mpaka leo. Nikikutana njiani na akina mama wa kanisani naangalia chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba, nimeijenga kwa mabanzi, na mlango wake mpana unatazama bondeni. Ng'ambo ya bonde, karibu tu, mtu akiita kwa nguvu unamsikia, ndipo ilipo nyumba ya baba mkubwa Zefania, kaka yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Miaka yote nilifanyia kazi kwenye balbu moja ya njano iliyojaa vumbi la mbao, na mnajua huku ukungu ukishuka jioni inakuwaje, macho nayo yameanza kugoma (nilishawahi kuunga mguu wa kiti kinyume, mteja akakikalia), basi nikasema sasa imetosha, nikamwita fundi umeme kutoka Lushoto mjini akanifungia taa za LED, zile ndefu nyeupe, dari nzima, na nyingine juu ya mlango. Alipowasha nilicheka peke yangu. Niliona hata utando wa buibui ambao sikujua kama naishi nao.

Sasa, siku hizohizo baba mkubwa alikuwa amerudishwa kutoka hospitali. Daktari alituambia hakuna tena la kufanya, tukamtunze nyumbani. Mwenyewe hatukumwambia. Tulikubaliana kumwambia ni vidonda vya tumbo, vitapona polepole, na yeye akawa anapanga atakavyopanda viazi mvua zikikaa sawa. Mwanawe mkubwa, Elia, anayeishi Tanga, akanipigia simu.

"Kaka, tusije tukahangaika siku yenyewe. Anza kuliandaa lile sanduku, lakini kimyakimya."

Nikakubali. Niliona ni heshima, kwamba mzee aliyenilea atalala kwenye mbao nilizozipiga randa mwenyewe. Nikachagua sipresi safi isiyo na kifundo, na kila mtu akiingia nikawa nalitupia turubai juu.

Jioni moja nikawa nimefika pazuri. Mfuniko nilikuwa nimeupaka vanishi nikauegemeza ukutani, msalaba wake ukitazama nje, na harufu ya vanishi ikaanza kunipanda kichwani, nikaufungua mlango wote. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeondoka, kagiza kanaingia. Mke wangu akatoka jikoni.

"Baba Neema, funga huo mlango, mwanga unafika mpaka ng'ambo."

"Uache ufike," nikamjibu, "wajue kuna karakana hapa."

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kwa majivuno ya taa.

Nikaanza kuwa na wasiwasi na urefu. Baba mkubwa na mimi tunalingana kabisa, watu wakituona kwa nyuma wanatuchanganya, kwa hiyo nikaona njia rahisi ni kujipima mwenyewe. Jeneza lilikuwa juu ya meza ya kazi. Nikavua viatu (sijui kwa nini nilivua viatu), nikapanda, nikalala ndani, nikakunja mikono kifuani nione kama mabega yanabanwa. Hayakubanwa. Kwa mbali nikawa nasikia akina mama wa kanisani, walikuwa wamekwenda kwa baba mkubwa kumwombea, wanaimba vizuri kweli. Mara sauti moja ikakatika, halafu nyingine, mpaka wimbo wote ukafa. Nikadhani wanaanza maombi. Nikaketi.

Jamani, yowe lililotoka ng'ambo sijawahi kulisikia hata msibani.

Nisichokijua ni kwamba wajukuu walikuwa wamemwambia babu yao aje aone kwa baba mdogo kulivyowaka kama mjini, wakamtoa na kiti chake mpaka barazani, wamemfunika blanketi, na akina mama wamemzunguka. Wote wanatazama kwangu. Nikaruka mezani nikazima taa, nikadhani ndiyo nasaidia, kumbe kwao maiti imeketi, imeruka, halafu giza. Yowe la pili likawa kubwa kuliko la kwanza.

Simu ikaita. Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa.

"Unatengeneza nini huko?"

"Kabati, mama."

"Kabati lenye msalaba?"

Kabla sijajibu nikasikia sauti ya mzee nyuma yake, dhaifu, lakini kila neno linasikika: "Mwambie aje."

Nikashuka bondeni, nikapanda. Akina mama wakanipisha. "Shikamoo, baba mkubwa." Hakuitikia. Tangu nipate akili hajawahi kuacha kuitikia shikamoo yangu.

"Nani kakwambia nakufa?" akauliza, kwa Kishambaa, na kwa Kishambaa lilikuwa zito zaidi.

Nikamtazama mama mkubwa, akageuza uso. Mmoja wa binti zake akampigia Elia palepale, akaweka sauti ya nje, na Elia akasema yeye hajaagiza kitu chochote, pengine ni mimi na tamaa ya kazi. Sikubishana. Mzee alikuwa ananiangalia tu, akaanza kuwatazama mmoja mmoja, mkewe, binti zake, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa.

"Kumbe mnajua wote," akasema. Akaomba arudishwe ndani.

Hakuzungumzia viazi tena. Uji akawa anaugusa kwa midomo anaurudisha. Nilikwenda kila siku nikaambiwa amelala, mpaka siku moja akaniruhusu, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini humo usiniweke."

Alipofariki wakanunua jeneza mjini. Mimi, seremala, mtoto wake, nilisimama kaburini nikaliangalia jeneza la fundi mwingine, bawaba moja imekaa upande, na nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Ndiye yule aliyelala ndani." Lile langu nililitoa kwa kibarua wa shamba la chai aliyefia ugenini bila ndugu. Wanasema lilimzidi urefu, wakajazia nguo zake miguuni.

Elia tunasalimiana tu. Mama mkubwa ananiitikia, lakini hajakanyaga tena kwangu.

Kwa hiyo mkiwa na kitanda, meza, fremu za milango, leteni, nitawatengenezea vizuri. Jeneza la mtu anayepumua sitengenezi tena, hata aje kuliagiza mwenyewe.