Besi Haikai Chini

Kundi letu la matarumbeta lilikuwa na mwiko mmoja: besi haikai chini kabla bwana harusi hajakaa. Besi ni lile tarumbeta kubwa la shaba, zito kama mtungi uliojaa maji, na mbebaji nilikuwa mimi. Mkanda wake ulipita juu ya bega langu la kulia. Mkono wa upande huo ndio uliobonyeza vitufe, na ndio ninaoandikia.

Jumamosi ile, baada ya alasiri, tulimsindikiza bwana harusi kwa miguu huko Usagara. Hatujafika mbali, vidole vikaanza kufa ganzi. Ganzi nilikwisha kuizoea; huja kama sisimizi, huondoka kwa maji ya moto na chumvi. Safari hii sisimizi hawakuja. Vidole vilinyamaza tu.

Nikajifariji kwamba kwa bibi harusi si mbali. Lakini shangazi zake bwana harusi walikuwa wametangulia, na kila kona walitandaza kanga kuziba njia, wasiiondoe mpaka wapigiwe, wacheze, waridhike. Nilimtupia jicho mwalimu wetu, mzee aliyebeba besi kabla yangu na ambaye sasa alipiga tarumbeta dogo. Akatikisa kichwa. Shangazi mmoja akaniona nilivyopinda.

"Ewe baba, hilo dude si umelioa? Basi lichukue vizuri, usituaibishe."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Ningefanya nini?

Tulipofika, bwana harusi alikaa, na mwalimu akanivua mkanda kama amvuaye mtoto shati. Tukaletewa pilau, tukalizunguka sinia. Nikanawa, maji niliyaona, sikuyahisi. Nikautia mkono kwenye wali, nikataka kufumba vidole. Havikufumba. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, umelala pajani, na mbele za watu wale haukuwa na faida yoyote.

Mwalimu alifinyanga tonge, akanitia kinywani. Nikamnong'oneza kwamba mkono siuhisi.

"Hata mimi ulianza hivyo hivyo," akasema. "Tafuna, mwanangu. Kesho tuna harusi Muheza."

Nikamuuliza nani atabeba. Aliwatazama wenzetu mmoja mmoja. Wote walikuwa wameinamia sinia. Akafinyanga tonge jingine, akalishika mbele ya midomo yangu, akangoja. Nikafungua kinywa.