Goti Lililogongwa Kama Ubao

Juzi, katika wodi moja hapa Kismayu, fundi wa mashua kutoka kisiwa cha Chula, aliyewekewa goti la bandia asubuhi ile, aliligonga kwa kidole juu ya bandeji na kutega sikio, kama anayekagua ubao.

"Goti hili zima, haliumi kabisa," akamwambia mkewe. "Nashuka nikaswali wima."

"Baba, usishuke! Mguu bado una ganzi ya sindano!" muuguzi akapiga kelele.

Alikwisha kushuka. Mguu ukakunjika kama kitambaa. Tulimdaka watatu, mimi niliyekuwa zamu, muuguzi na mkewe, goti likiwa shubiri moja tu juu ya sakafu.

"Mguu wangu uko wapi?" akauliza.

"Uko hapa. Nimeushika mimi," mkewe akamjibu.

Sasa mgonjwa akijisifu kuwa haumwi popote, natafuta kwanza pa kumdakia.